Kodi na ya Kutolea

Kitwana Mbaruku aliilipa Serikali kodi ya mauzo, akazidisha shilingi elfu moja na mia tano, na kwa sababu hiyo Serikali ikamfungia namba yake ya malipo. Ndani ya namba hiyo zilikuwamo shilingi milioni mbili, laki sita na arobaini elfu. Hazikuwa zake. Zilikuwa za mafundi kumi na mmoja, na Serikali ilimpa siku thelathini za kujieleza, la sivyo pesa zote zingeingia Hazina kama mali isiyo na maelezo.

Nchi yenyewe tuiache bila jina. Ilikuwa nchi nzuri. Kila aliyesema si nzuri alipewa muda wa kufikiri upya, mahali patulivu, na chakula mara moja kwa siku.

Kazi ya Kitwana ilikuwa kujua watu. Alikuwa na ukurasa mtandaoni uitwao Namjua Fundi. Jokofu lako limegoma, bomba limepasuka, mlango umevimba kwa mvua: unamwandikia, naye anakujibu, "Namjua mmoja," anakupa jina na simu ya fundi aliyekwisha kumjaribu mwenyewe. Kazi ikiisha, wewe mteja unaingiza pesa yote kwenye namba ya malipo ya Kitwana. Yeye anakata moja ya kumi, ndiyo haki yake ya kukuelekeza, na inayobaki anamtumia fundi kwenye simu. Katika ile moja ya kumi ndimo Serikali nayo ilimokuwa na chake: kodi ya mauzo, asilimia kumi na nane, kila tarehe ishirini ya mwezi.

Mwezi huo wateja walikuwa wamelipa milioni nne na nusu. Sehemu ya Kitwana ikawa laki nne na nusu. Kodi ikawa elfu themanini na moja. Alipiga hesabu mara tatu kwa kalamu, mara ya nne kwa simu, akajaza ritani, ile fomu ya kutangaza kodi, akapewa namba ya kumbukumbu, akatuma shilingi elfu themanini na mbili na mia tano.

Hapa inabidi kueleza desturi ya watu wale. Mtu mwenye adabu zake hamtumii mwenzake pesa kavu. Ukimtumia mtu elfu themanini, akienda kwa wakala kuitoa anakatwa, na anaondoka na pungufu. Kwa hiyo unaongeza kidogo, inaitwa ya kutolea, ili mwenzako ashike mkononi kile kile ulichomwahidi. Nchi ile uchumba umewahi kuvunjika kwa sababu mahari ilitumwa kavu, na hakimu akasema familia ya binti ilikuwa na haki.

Kitwana aliwatumia mafundi wake na ya kutolea kwa miaka minne bila kukosa. Alipofika kwenye kodi aliwaza vizuri kabisa: pesa hii inakwenda Hazina, huko Hazina kuna mtu ataitoa, na mtu huyo akikatwa, zahanati itapungukiwa dawa. Akaongeza elfu moja na mia tano.

Ujumbe ulirudi baada ya dakika sita. "Ndugu Mlipakodi, malipo yako yamepokelewa kwa mshangao. Namba yako imefungwa kwa usalama wako. Ahsante kwa kuijenga nchi."

*

Wa kwanza kumshuku alikuwa mkewe.

"Baba Nasra," Sauda alisema, simu ya mumewe mkononi, "huyu wa Hazina ni nani?"

"Ni Serikali."

"Serikali ina mkono? Serikali inakwenda kwa wakala na kitambulisho?"

"Nimelipa kodi, mama. Nikaweka na ya kutolea. Basi."

"Mimi mkeo mwaka wa kumi na sita huu. Ukinituma sokoni unanitumia elfu kumi kavu, wakala ananikata mbele za watu, muuza nyanya ananitazama. Leo umepata wa kumtumia na ya kutolea."

"Sauda, kodi."

"Ana umri gani?"

Kitwana alimwonyesha ritani, risiti na namba ya kumbukumbu. Sauda aliipeleka ile namba ya kumbukumbu kwenye mwanga, akaihesabu tarakimu, akasema ni ndefu mno kuwa ya kweli.

*

Idara ya Malipo Yasiyoeleweka ilikuwa ghorofa ya saba. Lifti ilikuwa chini ya uchunguzi, kwa hiyo watu walipanda ngazi, na kila ghorofa alikuwapo askari wa kuandika jina lako na sababu ya kuhema.

Afisa aliyempokea aliitwa Nkwabi. Alikuwa na jozi mbili za miwani, moja ya kusomea faili na nyingine ya kumtazamia mwenye faili.

"Nina miaka ishirini na miwili kwenye kodi," alisema. "Nimeona wanaopunja. Nimeona wanaochelewa. Nimeona mtu aliyelipa kwa hundi ya marehemu shemeji yake. Aliyezidisha sijamwona. Unaficha nini, mzee?"

"Sifichi kitu, afisa. Ile ni ya kutolea."

"Ya kutolea."

"Ndiyo."

"Umeitumia Serikali ya kutolea."

"Nilidhani ni adabu."

Nkwabi alibadili miwani. "Adabu huwa inaanza hivyo hivyo. Haya. Elfu moja na mia tano ni asilimia kumi na nane ya nini?"

"Sijapiga hesabu."

"Sisi tumepiga. Ni ya shilingi elfu nane, mia tatu thelathini na tatu, na senti thelathini na tatu. Hayo ni mauzo ambayo hukuyatangaza. Na kwa kuwa wewe unakata moja ya kumi, basi kuna kazi imefanyika mahali, ya shilingi elfu themanini na tatu, mia tatu thelathini na tatu, na senti thelathini na tatu. Ni fundi gani huyo anayetoza senti?"

"Afisa, senti zenyewe hazipo siku hizi."

"Ndiyo maana tumeshtuka."

"Hakuna mauzo. Nimeongeza tu kwa hiari yangu."

"Basi ni zawadi. Zawadi kwa Serikali inahitaji kibali cha Serikali, na kibali kinaombwa siku tisini kabla ya kupata nia njema. Kibali chako kiko wapi?"

Kitwana alijifuta jasho. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hayo machache aliyokuwa nayo ndiyo yaliyomponza. "Mimi nilifikiri hivi, afisa. Huko Hazina kuna mtu atakwenda kuitoa hii pesa..."

Nkwabi alisimama. Akafunga dirisha. Akafunga mlango. Akachomoa waya wa simu ya mezani, simu ambayo haikuwa imelia tangu mwaka juzi.

"Mtu gani?" alinong'ona.

"Yeyote tu."

"Anaitoa wapi?"

"Kwa wakala."

"Wakala yupi?"

"Sijui. Hata huyu wa hapo ng'ambo ya barabara."

Nkwabi akakaa taratibu, kama mtu anayekalia yai. Alichungulia chini kwenye kile kibanda cha wakala, kilichotazamana na mlango wa nyuma wa Hazina, na ambacho kwa kibanda cha mbao kilikuwa na maegesho makubwa kidogo. Kisha akaandika mistari mitatu kwenye faili, na chini ya neno "mtu" akapiga mstari mara mbili.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

*

Siku ya saba wakaja mafundi, wote kumi na mmoja, saa tisa alasiri. Waliokosa viti walikaa kwenye ngazi. Msemaji wao alikuwa Chande, fundi wa majokofu.

"Kaka Kitwana, hebu sema polepole, hawa wenzangu wamechelewa kuelewa. Serikali imekufungia namba kwa sababu hukulipa kodi?"

"Kwa sababu nimelipa."

"Umelipa kidogo."

"Nimelipa zaidi."

Fundi wa vigae aliguna. Mwingine alitazama televisheni ya Kitwana kama anayekadiria bei yake.

"Kaka," Chande alisema, "mimi nasikiliza uongo wa wateja mwaka wa kumi na tano. Mtu ananiambia jokofu limetoboka lenyewe, nafungua nakuta kisu cha kuchokolea barafu kimebaki humo humo. Nimezoea. Lakini huu wako, hapana. Hata uongo una kiwango."

"Nimewahi kukudhulumu, Chande?"

"Ndiyo inayonitisha. Miaka minne hujanidhulumu hata siku moja. Mtu wa hivyo anajiandaa."

"Pesa yako ipo. Imefungiwa tu."

"Hela yangu ni ya bati. Nyumba haina paa, mvua zimebakiza wiki tatu. Nikamwambie mama watoto kwamba bati letu linasubiri maelezo?"

Kitwana aliwaapia kwamba kabla ya siku thelathini kila mtu angeshika chake. Walikubali kwa midomo. Wakati wa kuondoka, mmoja mmoja alimvuta pembeni na kumwuliza kwa sauti ya chini kama wenzake hawajalipwa kwa siri. Wote kumi na mmoja waliuliza swali hilo hilo, na wote walimwomba asiwaambie wengine.

Kwenye ukurasa wake napo palianza kupoa. Mama mmoja aliyekuwa akiletewa mafundi wa bomba tangu mwanzo aliandika: "Samahani, huyu uliyeniletea anapima bomba au anapima nyumba?" Mwingine aliuliza kama kuna fundi ambaye Kitwana hamjui, anamtaka huyo.

*

Mbele ya nyumba yao alitokea muuza karanga. Alikuwa na meza, mwavuli na vikaratasi vya kufungia. Karanga hakuwa nazo. Sauda alimwendea siku ya kwanza akaomba za mia mbili. Mwanamume yule alitoa daftari, akaandika kwamba saa nne na dakika kumi mke wa mhusika aliulizia karanga, akamwambia zimekwisha. Siku ya pili zilikuwa zimekwisha. Siku ya tatu Sauda alimpelekea uji, kwa huruma, na hilo nalo likaandikwa, pamoja na kiasi cha sukari.

Jioni ya siku ya kumi na moja tangu namba ifungwe, Waziri wa Hazina, Mheshimiwa Daktari Daktari Lwitiko Shangali, alilihutubia taifa kwa redio. Udaktari wa kwanza aliupata ng'ambo. Wa pili alipewa na chuo alichokwenda kukifungua.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumezoea adui anayekwepa kodi. Huyo tunamfahamu, tunaishi naye, wengine tumesoma naye. Lakini sasa amezuka adui mpya, adui laini, adui mwenye tabasamu, anayelipa kodi kisha akazidisha! Tujiulize, ndugu zangu. Mtu anayekupa zaidi ya unachomdai ameona nini kwako? Amekuhurumia? Serikali hii haitahurumiwa na mtu yeyote! Natangaza Tume."

Tume ya Kuchunguza Uzidishaji ilikaa siku kumi kwenye hoteli ya ufukweni, kwa posho ya milioni tisini na nne, kuchunguza elfu moja na mia tano. Mwishoni ilitoa taarifa ya ukurasa mmoja ikisema jambo hili ni pana, na kuomba siku nyingine kumi.

Athari zilionekana haraka. Watu waliacha kurudisha chenji iliyozidi, wakihofia kuulizwa nia yao. Muumini mmoja aliyeweka noti kubwa kwenye sadaka alifuatwa na mzee wa kanisa hadi kituo cha basi akiombwa aeleze.

Siku ya ishirini na nne Kitwana aliitwa kwa Waziri mwenyewe. Alikaribishwa kwenye kochi, akawekewa juisi ya ukwaju.

"Mzee wangu, mimi na wewe ni watu wazima," alisema Waziri. "Ile ya kutolea. Ulikusudia aitoe Katibu Mkuu wangu, sivyo?"

"Mheshimiwa, Katibu Mkuu simjui."

"Hakuna anayemjua. Ndiyo hatari yake. Lakini umesikia kwamba anatoa?"

"Sijasikia kitu, mheshimiwa."

"Kwa hiyo umeona."

Alipotoka, kabla hajafika kwenye ngazi, mlango wa pili ulifunguka, akaingizwa kwenye kochi lingine na juisi nyingine ya ukwaju. Huyu alikuwa Katibu Mkuu.

"Amekwambia useme ni mimi," alisema.

"Ameuliza tu."

"Sema ni yeye. Nitakufungulia namba leo."

"Wote wawili siwajui, mheshimiwa. Nimewaona leo."

Katibu Mkuu alimkazia macho. "Ajabu. Si ndiyo biashara yako, kujua watu?"

Kitwana aliondoka bila kugusa juisi ya yeyote kati yao. Nyuma yake alisikia Waziri na Katibu Mkuu wakiambiana, kila mmoja kwa upole mkubwa, mwenzake anywe kwanza.

*

Siku ya ishirini na nane Nkwabi alimwita tena. Safari hii alikuwa amechoka, na uchovu ulimpa utu kidogo.

"Mzee, nisikilize. Huko juu kila mmoja anataka usikike ukimtaja mwenzake. Ukimtaja Waziri, watu wa Katibu watakushangilia na watu wa Waziri watakutafuta. Ukimtaja Katibu, geuza hivyo hivyo. Usipotaja, keshokutwa saa sita mchana pesa ya mafundi inaingia Hazina, na mimi hapo sina kauli." Akamsogezea karatasi. "Fomu namba kumi na nane K. Maelezo ya Mpokeaji Aliyekusudiwa. Majina matatu tu. Ukiandika jina, mfumo unafungua namba wenyewe. Ndivyo ulivyofundishwa."

"Jina la nani, afisa?"

"La mtu. Wewe kazi yako ni kuelekeza. Tuelekeze."

Kitwana alirudi nyumbani na ile fomu ndani ya shati. Kwa miaka minne hajampa mtu jina la fundi asiyemjua. Alikuwa akikataa hata ndugu zake. Shemeji yake alimwomba amwandike kama fundi umeme, akamwambia, shemeji, wewe unaogopa balbu. Kitu alichokuwa nacho duniani ni hicho tu: kwamba akisema namjua, anamjua.

Lakini Chande alikuwa amepiga simu asubuhi, wala hakutukana. Alisema tu mawingu yameanza kukaa upande wa kusini.

Akaamua kutunga mtu. Na kwa kuwa hakutaka kumwumiza yeyote, alimtunga kwa uangalifu. Alichukua jina la watu wa pwani, akaliunga na jina la watu wa milimani, akamalizia na jina la watu wa ziwani. Nchi ile watu wa sehemu hizo tatu walikutana kwenye mechi za mpira tu, na huko walikaa majukwaa tofauti. Akaandika: Mwinyikondo Gwakisa Nyamhanga.

"Mama Nasra," aliita, "umewahi kusikia mtu anaitwa hivi?"

Sauda alisoma, akacheka kwa mara ya kwanza tangu namba ifungwe. "Huyo hakuzaliwa na mama. Huyo kazaliwa na kamati."

Kitwana akatia saini.

*

Fomu ilipokelewa saa tatu asubuhi. Saa tatu na dakika sita namba ilifunguka. Kitwana hakusubiri hata kutoka kwenye jengo. Alikaa kwenye ngazi za ghorofa ya tano akawatumia mafundi wote kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, kila mtu chake na ya kutolea.

"Kaka, mimi nilijua tu," Chande alimwambia kwenye simu. "Wengine ndio walikuwa na wasiwasi." Alikuwa amekwisha kuuambia mtaa mzima kwamba Kitwana ananunua basi.

Siku tatu baadaye simu ya Kitwana ililia mlio wa ujumbe.

"Ndugu Mwelekezaji, uelekezaji wako umekamilika. Mtuhumiwa amepatikana na yuko mikononi mwetu. Haki yako ya kuelekeza, asilimia kumi ya thamani ya kosa: shilingi 150. Kodi ya mauzo: shilingi 27. Umepokea shilingi 123. Karibu tena."

Ilikuwa imetumwa kavu. Lakini siku hiyo Kitwana hakuliona hilo. Aliusoma ujumbe, akautoa nje akausoma juani, akarudi akamsomea Sauda.

"Amepatikana nani?" Sauda aliuliza.

Alikuwapo. Mji wa mbali, kilomita mia nne kutoka hapo, alikuwapo mtengenezaji wa cherehani aliyeitwa Mwinyikondo, jina la babu yake mzaa mama, mtu wa pwani. Baba yake aliitwa Gwakisa, kwa sababu bibi mzaa baba alitoka milimani na hakukubali jina la kaka yake lipotee. Na babu yake, mtu wa ziwani, alikuwa mzee Nyamhanga. Walikuwa wameishi vizuri tu, nyumba moja, miaka sitini, bila kuiarifu Serikali kwamba jambo hilo haliwezekani.

Kitwana alipanda zile ngazi mbio, akayaandika majina ya askari wote saba kichwani mwake badala ya wao kuandika lake.

"Afisa, huyo mtu nilimtunga!"

"Umemtunga vizuri," Nkwabi alisema. Alikuwa na kiti kipya. "Ana alama za vidole."

"Hana kosa! Simjui!"

"Amekiri."

"Amekiri nini?"

"Kwamba hajui chochote. Na hivyo ndivyo wanavyosema wote wanaojua. Waziri amefurahi kwa sababu si Waziri. Katibu amefurahi kwa sababu si Katibu. Mzee, miaka ishirini na miwili sijawahi kuona faili linaloridhisha watu wote kama hili."

"Nataka kumfuta."

Nkwabi alivua miwani na hakuvaa nyingine. Bila miwani alionekana mdogo, kama mtu aliyeamshwa. "Kuingiza jina ni bure, kwa sababu Serikali inataka ushirikiano wa wananchi. Kufuta jina ni huduma. Milioni tatu. Na huduma ina kodi ya mauzo, laki tano na arobaini elfu."

"Milioni tatu laki tano na arobaini, kumwachia mtu asiye na kosa?"

"Mwenye kosa tunamwachia kwa njia nyingine," alisema Nkwabi.

*

Kabla ya kuuza chochote, Kitwana alisafiri kwenda kumwona. Aliona ni lazima. Mahabusu ile ilikuwa na uzio wa waya, mgeni huku, mfungwa kule, na askari katikati aliyekuwa akila muwa.

Mwinyikondo alikuwa mtu mfupi, vidole vyake vyeusi kwa mafuta ya cherehani.

"Wewe ndiye wakili?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyekuandika."

Mtu yule alimtazama usoni, kisha miguuni, kisha usoni tena. "Tumewahi kugombana?"

"Hapana."

"Nilikutengenezea cherehani ikasumbua?"

"Hapana, ndugu yangu. Hujanikosea. Nilikuwa natafuta jina lisilo na mtu."

Mwinyikondo alijifuta vidole kwenye shati. Askari alitema makapi.

"Ungeuliza," Mwinyikondo alisema. "Ningekwambia lina mtu."

Kitwana alitaka kusema samahani. Akaisema. Ilipita kwenye waya, ikafika, na haikufanya kazi yoyote.

"Ukitoka nitakulipa," aliongeza.

"Nani amesema natoka?"

*

Alitoka, ila si haraka. Malipo yalikamilika wiki ya tatu. Muhuri wa kufuta majina ulikuwa mmoja nchi nzima, na Waziri alikuwa ameondoka nao, kwa usalama, kwenda ng'ambo kwenye semina ya kupunguza urasimu. Aliporudi ulikuwa umekauka wino. Wino ulitangazwa kwa zabuni.

Wakati huo Kitwana aliufunga ukurasa wake. Hakuna aliyemlazimisha. Mteja mmoja aliandika anatafuta fundi wa pampu, na Kitwana alimjua fundi wa pampu, alimjua sana, alikula pilau kwenye harusi yake. Alianza kuandika "Namjua mmoja", mkono ukakataa. Alikaa mbele ya simu tangu saa nne hadi saa saba, kisha akamjibu yule mteja kwamba ajaribu kuulizia mtaani.

Hesabu ni hii. Ya kutolea, shilingi elfu moja na mia tano. Nauli ya kwenda Idarani, safari kumi na tisa, elfu thelathini na nane. Kwenda na kurudi mahabusu, mara mbili, laki moja na elfu kumi na mbili. Kufuta jina, milioni tatu laki tano na arobaini elfu; hizo zilitoka kwenye kiwanja kilichouzwa milioni mbili na laki nane, na bangili za Sauda, na deni kwa kaka yake Sauda ambalo halijaisha. Wateja, mia mbili na sita. Mafundi, tisa kati ya kumi na mmoja. Chande alibaki, na mwashi mmoja. Mwinyikondo Gwakisa Nyamhanga: siku mia moja na kumi na mbili, cherehani nane za wateja zilizobebwa dukani wakati hayupo, na meno mawili ya mbele.